Rangi Dirishani: Nusu Saa Yako na Mtoto

Mazungumzo ya 11: Malezi ya mtoto wa miaka 3 hadi 5

Leo nazungumza na wewe mama, wewe baba, wewe nyanya unayelea wajukuu, na wewe yaya unayeachiwa mtoto kutoka asubuhi hadi jioni. Kama nyumbani kwako kuna mtoto wa kati ya miaka 3 na 5, vuta kiti usikilize.

Nianze kwa swali. Jana, mtoto huyo alifanya nini tangu alipomaliza uji wa asubuhi hadi alipolala? Labda alicheza nje na wenzake. Hilo ni jema. Labda alikaa mbele ya televisheni, au ulimpa simu ili atulie upike. Sasa swali la pili: ni dakika ngapi ambazo mtu mzima aliketi naye chini, akamtazama usoni, wakafanya jambo moja pamoja?

Usione haya kujibu. Wengi wetu tunatoka alfajiri na kurudi giza likiingia, na kazi za nyumba zinatungoja mlangoni. Lakini nusu saa hupatikana, hata kama ni Jumamosi na Jumapili tu. Leo nitakuonyesha jambo moja la kufanya katika nusu saa hiyo. Halihitaji pesa. Ni kupamba dirisha la nyumba yako kwa rangi, wewe na mtoto.

Kwa nini habari hii ni ya afya?

Huenda unajiuliza, "Dirisha na afya vinahusiana wapi?" Vinahusiana sana.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Mwongozo huo unasema kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji angalau dakika 180 za kucheza na kusogeza mwili kila siku. Kukaa mbele ya televisheni au simu kusizidi saa moja kwa siku, na kukipungua zaidi ni bora. Wakati mtoto ametulia ameketi, mwongozo unashauri mlezi wake amsomee au amsimulie hadithi. Kwa maneno mengine, mtoto aliyeketi anahitaji mtu wa kuketi naye.

Mtoto anapobandika karatasi au kupaka rangi, vidole vyake vinapata nguvu na ustadi. Vidole hivyo ndivyo vitakavyofunga vifungo vya shati na kushika penseli atakapoingia PP1. Anapokujibu na kukuuliza maswali, ulimi wake unajifunza maneno. Anapongoja gundi ikauke, anajifunza subira. Na wewe uliye kando yake unapata nafasi ya kumtazama kwa makini, jambo ambalo nitalirudia mwishoni, maana limewahi kuokoa macho ya mtoto.

Vitu vya kukusanya

Tafuta vitu hivi wiki nzima, kidogo kidogo:

Karatasi za peremende zile za rangi zinazopitisha mwangaza. Usimnunulie mtoto peremende ili upate karatasi, meno yake ndiyo yatakayolipa. Waombe majirani, au ziokote baada ya sherehe. Zioshe kwa maji na sabuni, uzianike, la sivyo utaalika sisimizi.

Kipande cha boksi la sabuni au la unga.

Kurasa chache nyeupe za daftari kuukuu.

Kalamu za rangi za watoto, kama unazo. Kama huna, usijali, jikoni mna rangi.

Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia na kitambaa safi.

Gundi utaipika mwenyewe. Koroga vijiko 2 vya unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji baridi hadi madonge yaishe. Weka motoni, ukikoroga, mpaka ushikane kama uji mzito. Epua, uache upoe kabisa kabla mtoto hajaugusa. Mtoto akilamba kidole chenye gundi hii, hutakimbia naye hospitali. Kesho yake ikianza kunuka, itupe.

Pambo la kwanza: dirisha la peremende

Kata kipande cha boksi kinachotoshana na ukurasa wa daftari. Chora juu yake maumbo makubwa matatu au manne. Mwulize mtoto anataka nini: samaki, jua, jani, nyumba? Mchoro usiwe mzuri sana. Akicheka kwamba samaki wako anafanana na kiatu, hapo mazungumzo yameanza.

Kukata matundu ni kazi yako. Mtoto aketi upande wa pili, mbali na mkono wenye makasi au wembe. Ukimaliza kukata, inuka uweke wembe juu mahali asipofika, ndipo uendelee. Usiseme utauondoa baadaye.

Sasa geuza boksi. Mtoto achovye kidole katika gundi, azungushe pembeni mwa tundu, kisha abandike karatasi ya peremende juu yake. Ataibandika upande. Ataikunja. Atapaka gundi hadi kwenye goti. Mwache. Mkono wako usiende kurekebisha. Mtoto anayerekebishwa kila mara huacha kujaribu, akakaa kukungoja umfanyie.

Gundi ikikauka, inueni boksi dirishani. Mwonyeshe jambo hili: weka karatasi nyekundu juu ya ile ya manjano, mtazame mwangaza kupitia zote mbili. Ni rangi gani imetokea? Weka ya buluu juu ya manjano, mtaona kijani. Usimwambie mapema. Mwulize, "Unadhani tutaona nini?" Kisha ungoje. Mtoto wa miaka 3 anahitaji muda kutafuta neno. Hesabu kimoyomoyo moja hadi kumi kabla ya kumsaidia.

Pambo la pili: karatasi ya mafuta

Hili ni la yule asiyepata karatasi za peremende. Mpe mtoto ukurasa mweupe apake rangi apendavyo kwa kalamu za rangi. Kama kalamu hazipo, koroga nusu kijiko cha manjano ya kupikia, ile ambayo wengine huita bizari, katika maji kidogo ya vuguvugu. Chemsha kipande cha bitiruti upate wekundu. Ponda majani ya mchicha na maji kidogo upate kijani. Majani ya chai yaliyochemshwa sana hutoa rangi ya kahawia. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki.

Nikupe na siri moja ya jikoni. Ukurasa uliopakwa manjano ukikauka, yeyusha chembe ya magadi katika kijiko cha maji, kisha wewe mwenyewe udondoshe tone moja juu yake. Manjano itageuka kuwa nyekundu papo hapo. Ukidondosha maji ya ndimu mahali hapo, manjano itarudi. Nimeona watoto wakiomba warudiwe jambo hili mpaka karatasi ikatoboka. Maji ya magadi yaondoe mara ukimaliza, maana si ya kuonjwa na huwasha machoni.

Karatasi ikikauka kabisa, igeuze, uipake mafuta kidogo sana upande wa nyuma kwa kitambaa. Iinue kwenye mwangaza. Ukurasa uliokuwa mzito sasa unapitisha nuru, na rangi zimeng'aa. Sababu ni hii: karatasi ina nafasi ndogo ndogo zilizojaa hewa, nazo huzuia mwangaza. Mafuta yanapojaza nafasi hizo, mwangaza hupita. Mtoto wa miaka 5 akikuuliza, mweleze. Ataelewa zaidi ya unavyodhani.

Kama dirisha lako ni la mbao lisilo na vioo, au nyumba ni ya mabati yenye dirisha dogo, funga kamba juu ya dirisha hilo, utundike kazi ya mtoto kwa vibanio vya nguo. Mchana dirisha likifunguliwa, jua litapita humo. Wakati mzuri ni asubuhi mapema au saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini. Madoa ya rangi yataanguka sakafuni, na mtoto ataanza kuyakanyaga na kuyakimbiza. Mwache ayakimbize.

Zungumza naye

Msikilizaji, rangi na karatasi ni kisingizio tu. Dawa yenyewe ni mazungumzo.

Zungumza na mtoto kwa lugha ya nyumbani kwenu. Kama ni Kikamba, Kiluo, Kigiriama au Kiswahili, hiyo ndiyo lugha ambayo ulimi wako unaijua vizuri, na ndiyo itakayompa mtoto maneno mengi. Atajifunza Kiingereza shuleni.

Kiswahili chetu kimetusaidia sana kwa habari ya rangi, kwa sababu rangi nyingi zimepewa majina ya vitu anavyovijua mtoto. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Kijani ni jani. Machungwa na zambarau ni matunda. Kahawia ni kahawa. Kijivu ni jivu la jikoni. Basi usimkalishe ukamkaririsha majina. Mtume. "Niletee kitu chenye rangi ya jivu." "Tafuta nje kitu cha kijani." Atakimbia, atafikiri, atarudi na jani, na hapo miguu, akili na ulimi vimefanya kazi pamoja.

Msifu kwa alichofanya. Badala ya kusema tu "Vizuri," sema, "Naona umebandika karatasi tatu nyekundu pembeni mwa samaki. Ulifikiria nini?" Na baba akirudi jioni, mtoto mwenyewe amwonyeshe dirisha na amweleze. Usimsimulie wewe.

Mambo ya hatari

Sasa nisikilize kwa makini, maana nisingependa mchezo huu uishie hospitalini.

Kwanza, rangi. Usitumie rangi ya kupaka nyumba, rangi ya viatu, wala unga mweusi wa betri kuukuu, ule ambao zamani tulipakia ubao shuleni. Nyingine zina sumu ambayo mtoto huimeza anapoweka vidole mdomoni. Madini ya risasi yaliyomo katika baadhi ya rangi za nyumba huharibu ubongo wa mtoto, na madhara yake hayaponi. Vilevile, mafuta ya taa na dawa za kupunguza rangi zisikaribie meza hiyo, na kamwe zisiwekwe kwenye chupa ya soda.

Pili, vitu vidogo. Maharagwe, shanga na vifungo vinapendeza kwenye pambo, lakini mtoto wa miaka 3 huvitia puani, sikioni au mdomoni, vikamkaba. Tumia karatasi. Mifuko ya plastiki pia isiwe kitu cha kuchezea, maana ikifunika uso mtoto hukosa hewa.

Tatu, kupanda dirishani. Hili ni la wewe unayeishi ghorofani. Mtoto aliyefurahia pambo lake atataka kulifikia. Usimfundishe kusimama juu ya kiti kando ya dirisha, hata wewe ukiwa umemshika. Kesho atapanda peke yake. Ondoa viti, meza na kitanda karibu na dirisha lisilo na vyuma, na kazi ya kutundika iwe yako.

Nne, moto. Karatasi yenye mafuta hushika moto upesi. Isitundikwe karibu na jiko, mshumaa wala koroboi.

Tano, hewa. Pamba sehemu moja ya dirisha, usilizibe, na usibandike mahali ambapo litashindwa kufunguka. Dirisha lililo wazi hutoa moshi wa jiko, ambao huchangia homa ya mapafu kwa watoto. Hupunguza pia vijidudu vya kifua kikuu hewani. Na kama unatumia jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, hewa yenye sumu isiyo na harufu inaweza kuua watu wote usiku mmoja. Jiko la makaa lilale nje.

Mtazame mtoto wako

Nimesema nitarudi kwa jambo hili. Unapoketi na mtoto mahali penye mwangaza, akitumia macho, mikono na ulimi, utaona mengi ambayo huyaoni ukimwita tu kuja kula.

Angalia haya. Je, anasogeza karatasi karibu sana na uso, au anainamisha kichwa upande mmoja ili aone? Je, jicho moja linatazama kwingine? Ukimwita kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo, anageuka? Mtoto wa miaka 3 anapaswa kuzungumza hivi kwamba hata mgeni anamwelewa mara nyingi. Wa miaka 4 anapaswa kutumia sentensi ya maneno manne au zaidi, kutaja rangi chache, na kushika kalamu kwa vidole badala ya kuikamata kwa ngumi. Je, wako anaweza? Je, kuna jambo alilolijua miezi iliyopita na sasa hawezi tena?

Watoto hawalingani, na kuchelewa kidogo si ugonjwa. Lakini ukiona mojawapo ya haya, usingoje akue. Chukua kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto, ufike kliniki, umweleze muuguzi ulichokiona. Na ukiona weupe ndani ya mboni ya jicho, ule mng'ao mweupe ambao pengine huonekana kwenye picha, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho, ambayo huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 5. Ikigunduliwa mapema hutibika.

Nikusimulie kisa kimoja. Mtaani ninakoishi kuna nyanya anayelea mjukuu wake wa kike. Mtoto alikuwa na miaka 4, mtulivu, hapendi kucheza mpira na wenzake. Majirani walisema ana maringo. Siku moja tuliketi na watoto sita barazani kwa nyanya huyo tukitengeneza madirisha ya peremende. Nyanya akaona mjukuu wake hawezi kubandika karatasi juu ya tundu. Kila mara ilianguka pembeni. Mtoto akainamisha kichwa, akafumba jicho moja, akajaribu tena.

Nyanya hakumgombeza. Alichukua kitambaa, akamfunika jicho la kulia kwa mchezo, akamwuliza, "Hii ni rangi gani, mjukuu wangu?" Mtoto akanyamaza. Kisha akasema, "Nyanya, umezima taa."

Walikwenda kliniki Jumatatu, wakatumwa kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto lilikuwa halioni vizuri, na ubongo ulikuwa umeanza kulitegemea lile la kulia pekee. Alipewa miwani, na jicho zima likawa likifunikwa kwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Matibabu haya hufaulu zaidi mtoto akiwa mdogo, hasa kabla ya miaka 7. Nyanya aliniambia, "Nimeishi na mtoto huyu miaka miwili, nikimwosha na kumlisha, na sikujua. Sikuwa nimeketi."

Maneno hayo yamekaa nami. Kuosha na kulisha ni lazima. Lakini tuketi pia.

Mambo ya kukumbuka

Tafuta nusu saa ya kuketi na mtoto, simu na televisheni zikiwa zimezimwa. Tumia karatasi, gundi ya unga na rangi za jikoni. Kukata ni kwako, kubandika ni kwake. Uliza, kisha ungoje jibu. Dirisha lifunguke. Tazama macho, masikio, mikono na usemi wake, na ukiwa na shaka nenda kliniki. Usikome pia kumpeleka apimwe ukuaji na apate vitamini A kila baada ya miezi 6 hadi afikishe miaka 5, kwani vitamini hiyo hulinda macho yake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, ni nani hukaa na mtoto muda mrefu zaidi mchana? Tutamfikishiaje ujumbe huu?
2. Ni vitu gani vya kupambia tunavyoweza kupata hapa kwetu bila kununua?
3. Ni hatari zipi zilizo karibu na madirisha yetu? Tutaziondoa lini?
4. Je, kuna mtoto tunayemwita mkaidi, mvivu au mwenye maringo, kumbe huenda haoni au hasikii vizuri?

Jumamosi hii, jua likianza kushuka, keti na mtoto wako dirishani. Hadi wakati mwingine, kaa salama, na mtoto wako akue vyema. Kwaheri.